Barua kwa mwanangu: kazi ya kubadilisha maji

Mwanangu Mwanaisha,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo. Mamako magoti yamempa nafuu kidogo, na ile mifereji ya paa uliyotuachia pesa imeshatengenezwa, mvua ikinyesha hatuhamishi tena vitanda.

Nakuandikia kwa sababu ya jambo moja. Siku ya Idi pili, tulipokuwa barazani na watoto wanagombania visheti, uliniuliza: "Baba, katika kazi zako zote, ipi uliyoifurahia zaidi?" Nikakujibu upesi, "Ya bandarini, ndiyo iliyowasomesha." Ukanyamaza, ukanimiminia chai. Tangu siku hiyo jibu lile limenikaa kooni kama mwiba wa changu. Kazi ya bandarini ilitulisha, na kwa hilo namshukuru Mungu. Lakini wewe hukuniuliza ipi ilitulisha.

Kazi niliyoifurahia kuliko zote niliifanya kabla sijamjua mamako. Ilikuwa kubadilisha maji.

Mwaka 1979 nilikuwa na miaka 20. Nimemaliza kidato cha nne, nashinda Kibokoni nikizungukazunguka, jioni nakwenda kukaa kwenye ukuta pale Ngomeni, Fort Jesus, kutazama mkondo. Siku hizo chini ya Ngome kulikuwa na watu wanaozamia meli. Kazi ilianza mwaka 1977, ikiongozwa na Robin Piercy, mtaalamu wa meli zilizozama, pamoja na watu wa Makumbusho ya Taifa, na mji mzima ulikuwa na habari zake. Wengine walisema wanatafuta dhahabu. Rafiki yangu mmoja wa madrasa alikuwa akibeba mitungi ya hewa kule, akaniambia wanataka kijana wa kuosha vitu, asiwe na haraka. Nikaenda kesho yake asubuhi.

Meli yenyewe ni Santo António de Tanná, manowari ya Wareno, iliyoundwa Bassein huko Bara Hindi mwaka 1681. Waarabu wa Oman waliizingira Ngome kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, miezi 33. Ndani watu walikufa zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Mwaka 1697 ulifika wakati wakubwa wa Kireno wamekwisha kufa, na aliyebaki kuishika Ngome ni Bwana Daud wa Faza, kisiwani Pate, na watu wake. Hebu fikiria, mwanangu. Shuleni tulikariri Vasco da Gama hadi tukamchoka, na jina la Bwana Daud nililisikia kwa mara ya kwanza nikiwa na beseni mkononi. Basi manowari hiyo ikaja kutoka Goa na msaada, ikakatikiwa kamba za nanga, ikaenda mrama, na Oktoba 1697 ikazama papo hapo chini ya kuta, kiasi cha mita 15 kwenda chini. Imelala pale hadi leo. Sisi tuliokuwa tukioga pale utotoni tulikuwa tukiogelea juu yake.

Mimi sikuwa mzamiaji. Wazamiaji walishuka, wakanyonya mchanga kwa bomba, wakapima, wakachora, wakapandisha kitu kimoja kimoja. Kikishafika juu ndipo kikawa changu. Na siku ya kwanza nilipewa amri moja tu: kisikauke.

Nilidhani kitu kikitoka baharini unakipangusa na kukianika. Kumbe kukianika ndiko kukiua. Chungu kilichokaa majini zaidi ya miaka 280 kimekunywa chumvi hadi ndani kabisa. Kikikauka, chumvi ile inakuwa chembe, chembe zinasukuma, na uso wa chungu unabambuka. Wewe umeyaona haya bila kujua: tazama ukuta wa nyumba ya shangazi yako kule karibu na maji, jinsi plasta inavyotoka vipande vipande kila mwaka hata ikipakwa chokaa mara ngapi. Ni chumvi hiyo hiyo. Na mbao ni taabu zaidi, maana maji ndiyo yaliyobaki yakiishikilia. Yakitoka ghafla, mbao inajikunja na kupasuka kama kuni.

Basi dawa yake ni maji matamu. Unakitia chombo kwenye maji ya bomba, yale yatokayo chemchemi za Mzima, unakiacha. Chumvi inatoka polepole kwenda majini. Unamwaga, unatia mengine. Unaacha. Unamwaga, unatia mengine. Wiki kwa wiki, mwezi kwa mwezi. Ndani ya Ngome tulikuwa na mabeseni, ndoo, mapipa na matangi, kila kimoja na kibandiko chake chenye nambari, na nilijifunza kuzichunga nambari zile kuliko pesa zangu, kwa sababu chombo kikipoteza nambari kimekuwa yatima: hujui kilitoka upande gani wa meli, kililala karibu na nini.

Mwishoni tukahamia kwenye maji ya betri, yale ya kutiwa kwenye gari, kwa kuwa hayana chumvi kabisa. Hapo ndipo penye jambo ninalotaka ulione kwa macho yangu. Unachota maji kidogo kutoka kwenye beseni, unayatia kwenye kichupa chembamba cha kioo. Unadondosha matone mawili matatu ya dawa inayotengenezwa kwa madini ya fedha. Kisha unanyanyua kichupa kwenye mwanga wa dirisha. Kama chumvi ingalimo, unaona wingu jeupe linazaliwa pale tone lilipoangukia, linashuka likijikunja kama tui linalomiminwa kwenye maji. Maana yake bado, rudi ukamwage. Kama chumvi imekwisha, hakuna kitu. Tone linaingia, linapotea, na maji yanabaki kama yalivyo.

Kuna mtungi mmoja wa udongo mwekundu uliovunjika shingo. Niliufanyia hivyo tangu kaskazi hadi kusi. Kila mara wingu. Wingu likawa jepesi, likawa moshi, likawa kitu ambacho ilibidi niweke karatasi nyeusi nyuma ya kichupa ndipo nikione. Halafu asubuhi moja nikadondosha, nikanyanyua, nikangoja. Hakuna. Nikadondosha tena. Hakuna. Sikumwita mtu. Nilisimama pale dirishani na kile kichupa hadi mkono ukachoka, moyo unanienda mbio kama mtu aliyepewa habari ya kuzaliwa mtoto.

Sikuwahi kuipata furaha ya namna ile katika kazi nyingine yoyote, na nimefanya nyingi. Miaka yote ya kupitisha mizigo pale Kilindini, nilichokuwa nashika ni karatasi, na karatasi husema anachotaka aliyeiandika. Ofisi moja, sitaitaja, waliniletea fomu yenye uzito ambao mzigo haukuwa nao, wakataka sahihi yangu. Nilikataa, nikakaa miezi minne bila kazi. Wewe ulikuwa darasa la tatu. Ndio mwaka ule tuliokula muhogo na chai ya rangi usiku, nanyi mkadhani ni mchezo mamako ameubuni. Wakati ule nilikuwa nikiota yale maji. Huwezi kuyabembeleza wala kuyahonga. Yanakwambia bado, au yanakwambia tayari, na aliyefanya kazi vizuri na aliyefanya vibaya wote wanaona kwenye kioo kimoja.

Babu yako hakuipenda kazi hii hata kidogo. Unamkumbuka kwa mbali, lakini ujue alikuwa kalafati, fundi wa majahazi pale Bandari ya Kale, na babake kabla yake vile vile. Kwake yeye mwanamume alifaa kwenda na chombo baharini au kukiunda. Kijana wake kukaa kitako akiosha vigae vya Mreno ilikuwa aibu. Na kulikuwa na jingine. Ngome ilikuwa jela tangu 1895 hadi 1958, ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1962. Ndugu yake babu alifungwa mle. Babu alipita nje ya lango lile maisha yake yote na hakuwahi kutia mguu ndani. Usiku tukila alinisemesha habari za samaki na za jamaa, za kazi yangu hakuuliza.

Kilichombadilisha ni kapi, kile kigurudumu cha kupitishia kamba za tanga. Wazamiaji walipandisha vitu vingi vya tanga na kamba, na kati ya hivyo kulikuwa na kapi moja la mti, na gurudumu lake lingalimo. Wale wataalamu walilijua ni kapi, lakini kulikuwa na alama kwenye gurudumu ambayo waliibishania. Nikasema, mimi namjua mtu. Nikarudi nyumbani nikamwambia baba kuna kapi la manowari na wasomi limewashinda. Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akavaa kanzu yake ya Ijumaa, na siku ile ilikuwa Jumanne.

Langoni alisimama, akasoma kitu kwa sauti ya chini, akaingia na mguu wa kulia. Hakutazama kushoto wala kulia hadi tulipofika kwenye tangi. Nikamwambia, "Baba, halitolewi likakauka." Akakunja mkono wa kanzu hadi begani, akautia majini, na macho akayafumba. Akalipapasa. Kidole chake cha shahada kikaingia kwenye mfereji wa kamba, kikazunguka polepole, kikafika pahali kikasimama. Kikarudi. Kikasimama pale pale.

"Hili lilikwama," akasema. "Kapi linalozunguka huliwa duara lote. Hili limeliwa upande mmoja. Kamba ilikuwa ikisugua na gurudumu limegoma." Akafikiri kidogo, mkono ungali majini. "Hawakulipaka sifa, yale mafuta ya papa. Au walikuwa hawana tena mafuta ya kupaka." Mzungu mmoja aliyekuwa karibu akaniuliza mzee kasema nini, nikamfasiria, akatoa daftari akaandika, akaomba aambiwe tena taratibu. Babu akarudia neno kwa neno, ukadhani anatoa ushahidi mbele ya kadhi.

Tulirudi kwa miguu kupitia Ndia Kuu. Hakusema kitu hadi tulipokaribia nyumbani. Akauliza, "Na lile kapi litakaa majini hadi lini?" Nikamweleza kwamba mti huchukua muda mrefu zaidi, kwamba baadaye hutiwa dawa mfano wa nta inayoyeyuka majini, iingie pahali pa maji kidogo kidogo, ndipo liachwe likauke. Akatikisa kichwa. "Kwa hiyo hamharakishi."

"Hatuharakishi, baba."

Usiku ule tumekaa kwenye mkeka, kabla hajasema bismillahi, akaniuliza: "Leo maji yamesemaje?" Na kesho yake vile vile. Ikawa ndiyo desturi yetu. Mimi nikimwambia "bado yanasema," au siku ya baraka, "ya namba fulani yamenyamaza," naye akiitikia "alhamdulillahi" kama anavyoitikia habari ya jahazi lililofika salama. Mwanaisha, mimi na babangu hatukuwa watu wa kuzungumza. Tulijifunzia kwenye maji yale.

Msimu wa 1980 ndio uliokuwa wa mwisho wa kuzamia. Mbao za meli zilikwisha kupimwa na kuchorwa, zikafunikwa mchanga tena, kwa maana kuzitoa zote na kuzitunza kungehitaji mali na miaka isiyo na hesabu. Wengine mjini walisikitika. Mimi naona ilikuwa busara: mchanga umeitunza vizuri kuliko ambavyo sisi tungeweza. Niliendelea na mabeseni yangu miezi kadhaa, kisha vyombo vyangu vikanyamaza kimoja baada ya kingine, na kazi ikaisha. Wakanishukuru, wakanipa mkono. Mwezi uliofuata nikaanza kuranda Kilindini kutafuta kibarua.

Wiki ya kwanza baada ya pale, tumekaa kula, babu akauliza kwa mazoea, mkono umeshaingia kwenye sinia: "Leo maji yamesemaje?" Sikuwa na la kumjibu. Akanitazama. Akachambua mnofu wa samaki upande wake, akautoa miiba, akausukumia upande wangu.

Basi jibu la swali lako ndilo hilo, limechelewa tangu Idi pili. Nasikitika kwamba nilikupa la juu juu, nawe uliuliza kwa moyo. Ukija Desemba mlete kijana wako. Tutaingia Ngomeni asubuhi kabla ya jua kali, vyombo vya meli vimo kwenye makumbusho, na ule mtungi wa shingo iliyovunjika nitamwonyesha nikiuona, naujua hata kwa mgongo. Nimebakiwa na kichupa kimoja cha kioo, nimekificha kwenye kabati la vitabu. Nitampa akishike.

Mamako anakusalimu na anasema usimtumie tena ile dawa ya kuchua, inanuka. Mkwe wetu msalimie sana.

Ni mimi,
Babako
Kibokoni, Mombasa