Mhariri, waliopiga miluzi kwenye picha ya roboti siyo wajinga

Ndugu mhariri,

Gazeti lako nalisoma miaka na miaka na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja, bei ya sukari nimenyamaza, umeme nimenyamaza, lakini ile makala yenu ya Jumamosi kwenye burudani kuhusu Wahindi na roboti wao imenishinda. Yani mwandishi wenu kakaa zake na simu, kaangalia kile kipande cha WhatsApp cha dakika chache ambacho maroboti yanajikusanya yanakuwa mpira, mara nyoka, mara jitu, kacheka weee, halafu kaja kutuandikia kwamba watazamaji wa kule ni watu wasio na akili kwa sababu wanapiga miluzi na kumwagia maziwa bango la muigizaji. Basi, makala imeisha. Picha ya karibu masaa matatu hajaigusa hata kwa kijiti.

Kwanza siyo ya Bollywood kama mlivyoandika kwa herufi kubwa. Ni ya Chennai, kusini mwa India, ya Kitamil, jina lake Enthiran, ilitoka tarehe 1 Oktoba 2010, na iliyotufikia wengi huku ni ile ya Kihindi waliyoiita Robot. Muongozaji Shankar, muziki A. R. Rahman, mwanamke Aishwarya Rai, mapigano kapanga Yuen Woo-ping, yule yule wa The Matrix. Haya sijaenda kuyatafuta leo, nilikuwa na duka la kukodisha CD hapa Morogoro kabla flashi na simu hazijatumaliza, na watu walikuwa wanakuja wanasema "nipe ile ya roboti mwenye miwani", wanarudisha asubuhi na macho mekundu, halafu hawaondoki, wanabaki dukani wanabishana, wateja wengine nashindwa kuwahudumia.

Hilo la maziwa nalo. Kule Tamil Nadu, jimbo lenyewe la Chennai, kumwagia maziwa ni jambo la hekaluni, ndivyo wanavyoogesha sanamu za miungu yao, mashabiki wakalihamishia kwenye bango la Rajinikanth, steringi wa picha hii, siku picha yake inapotoka. Usipende, sawa, hata mimi maziwa yakimwagwa chini roho inaniuma na kule kwenyewe wapo wanaolalamika. Lakini mwandishi wenu angejisumbua kidogo angejua Rajini kabla ya kuigiza alikuwa konda wa basi Bangalore. Konda! Sasa mtu wa kipato cha chini akimuona konda mwenzake yuko pale juu ukutani na Aishwarya Rai pembeni, unataka akae kimya kama yuko kwenye mtihani? Na nyie hao hao Jumapili mnaweka ukurasa wa mbele jamaa kazimia uwanjani kwa ajili ya Simba na Yanga mnasema ni mapenzi ya dhati.

Sasa ngoja nikuambie watazamaji wanavyokuwa. Nilipanda basi pale Msamvu naenda Mwanza kwenye msiba wa shemeji, kampuni siitaji maana bado napanda, TV iko juu ya dereva, wakaweka hiyo Robot, ile ambayo DJ wetu amepitisha sauti ya Kiswahili juu yake. Mwanzoni ni vicheko tu. DJ mwenyewe kachanganyikiwa, maana kwenye picha zetu tumezoea steringi ni mmoja na adui ni mwingine, humu Rajini ndiye daktari aliyetengeneza roboti na Rajini huyo huyo ndiye roboti, halafu baadaye roboti ndiye anageuka kuwa adui, watu nyuma wanapiga kelele "sasa steringi nani humu?" Raha tupu. Ikafika pale jengo linaungua, roboti anaingia motoni anaokoa watu mmoja mmoja, anamtoa na binti mmoja aliyekuwa bafuni anaoga, anamtoa hivyo hivyo alivyo, anamleta mbele ya watu na kamera za TV. DJ akatia utani wake wa kishenzi pale, nadhani alitegemea tucheke. Hakuna aliyecheka. Mama mmoja aliyekaa siti ya jirani yangu, ana mtoto mgongoni kamshusha mapajani, akasema kwa sauti kabisa, "Jamani hata kanga? Hakuna wa kumtupia huyo mtoto kanga?" Binti anakimbia kwa aibu, gari linamgonga, anakufa. Basi zima kimya. Yule mama akasema tena, "Ana nguvu huyo dude, ila hajalelewa." Mhariri, nakuomba usome tena hayo maneno. Ndicho kisa chenyewe! Ndiyo sababu daktari anaamua kumfundisha roboti hisia, na hizo hisia ndizo zinamfanya ampende mchumba wa daktari, kila kitu kinaharibikia hapo. Yule mama hajasoma chuo cha uandishi wa habari, Kitamil hajui, Kihindi hajui, na DJ anampigia makelele juu ya maneno ya watu, lakini kaiona picha kuliko mwandishi wenu mwenye bando.

Halafu sikiliza kilichonipandisha presha mpaka leo. Konda wetu (siyo wa Bangalore, huyu wa kwetu) rimoti anayo yeye, kila wimbo ukianza anasogeza mbele, kila watu wakiongea sana anasogeza mbele, anabakiza mapigano. Tukavumilia. Yakaja yale maroboti kibao ya mwisho, mpira, nyoka, jitu, wakayazima kwa virusi vya kompyuta, tunaingia mahakamani ambapo ndiyo utamu wenyewe, konda akazima. Eti tunaingia Dodoma, picha imeisha, adui keshakamatwa. Akaweka mieleka. Watu waliwaka! Kijana mmoja alisimama kabisa anamfuata, mzee mmoja anagonga dirisha kwa fimbo, konda anajibu "mkitaka sinema mngebaki nyumbani". Hivi wewe uliyeambiwa maisha yako yote kwamba Muafrika anapenda ngumi tu kwenye picha, ungekuwepo pale ungeona watu wameacha mieleka bure inacheza juu na wanagombania kesi ya mahakamani. Ikabidi nisimulie mimi kwa mdomo, kwamba mahakama imeamuru roboti avunjwe, na hakuja fundi kumvunja, anajifungua mwenyewe kiungo kimoja kimoja huku anaongea na anawaomba msamaha, na mwisho inaonyeshwa mwaka 2030 yuko makumbusho, mtoto wa shule anauliza kwa nini alivunjwa, na kile kichwa kinajibu kwamba nilianza kufikiri. Hapo ikaanza kesi ndani ya basi. Wa nyuma wanasema haki yake, kaua watu wengi. Wa mbele wanasema kosa la Profesa Bohra, yule aliyemuokota roboti jalalani akamtia ile chip nyekundu ya kumfanya muuaji. Wengine wanasema Bohra keshakufa na kauawa na roboti mwenyewe, sasa utamshtaki nani, mshtaki daktari, yeye ndiye aliyempiga shoka akamtupa jalalani, angemzima vizuri Bohra angemuokota wapi? Tumebishana hivyo mpaka Manyoni. Hao ndio watazamaji wa Robot, mhariri, hao mnaowaita hawana akili.

Na kwa kuwa nimeshaanza nimalize na hili. Humo ndani kuna wimbo mzima unaitwa Kilimanjaro, ni mlima wetu huo unatajwa, na wameupigia wapi? Machu Picchu. Peru! Amerika ya Kusini! Nimesubiri tangu 2010 mtu mmoja anayelipwa mshahara wa kutangaza utalii aseme chochote, hata kulalamika tu, kimya. Mamilioni ya watu wanaimba jina la mlima wanaangalia magofu ya Peru, na sisi tunachapisha vipeperushi vyenye picha ya twiga tunagawana wenyewe kwa wenyewe kwenye maonyesho ya Sabasaba. Kwenye basi wimbo ulipoanza watu walishangilia "Kilimanjaro hiyo!", yule konda akausogeza mbele. Kwa kweli angefaa kuajiriwa huko huko utalii.

Dawa yake naona ni hii. Huyo mwandishi mkateni posho, mmkatie tiketi ya Dar mpaka Mwanza, siti ya mbele kabisa chini ya TV, mmpe CD nzima isiyokatwa na rimoti ashike yeye, simu mbaki nayo nyie ofisini. Aandike watu walipocheka, walipokaa kimya, waliposonya, na nani alisema nini. Asirudi na maoni yake, maoni yake tumeshayasoma. Akifika Singida kama ataniambia hajasikia kitu cha maana, nampa mimi hela ya kurudi.

Na ile picha mliyoibandika juu ya makala mkaandika chini "Rajinikanth" siyo Rajinikanth. Yule mwenye manyoya ni Akshay Kumar, ni wa ile ya pili ya mwaka 2018. Rekebisheni Jumamosi ijayo, ukurasa ule ule, siyo kule chini kabisa mnakoficha marekebisho.

Aliyekuwa mwenye duka la CD,
Morogoro