Fomu yako ina alama saba

Mwanangu mpendwa,

Umeshalala, na fomu ya klabu za baada ya masomo iko hapa mezani mbele yangu. Mwalimu wenu ameandika wazi kwamba kila mwanafunzi achague mbili. Wewe umeweka alama kwenye zote saba: kwaya, chesi, riadha, skauti, bustani, maigizo na mdahalo. Kisha ukachora moyo pembeni mwa kwaya na nyota pembeni mwa chesi, eti ndiyo umechagua. Nimecheka peke yangu. Nikaona heri nikuandikie, maana asubuhi hatuna nafasi ya kuzungumza. Asubuhi yetu ni ya kutafuta soksi.

Tabia hii najua umeirithi wapi. Siku ya Wazazi ya mwaka jana nami nililetewa fomu yangu, ile ya "mzazi atasaidia nini", nikaweka alama kila mahali. Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa uwanjani napanga viti. Saa mbili nachora mistari ya mbio kwa kamba na chokaa, na mstari wa tatu ulipinda mpaka watoto waliopangiwa hapo wakanijia kulalamika. Saa nne niko ndani ya gunia kwenye mbio za wazazi, na kuanguka kwangu ulikuona mwenyewe. (Kosa langu ni kuweka miguu katikati ya gunia. Unatakiwa kusukuma kila mguu kwenye pembe yake kule chini, halafu unalivuta gunia juu likakaza. Hilo nililigundua nikiwa nimelala kifudifudi.) Baada ya hapo spika ikazima, wakasema fulani ndiye anayejua mambo ya nyaya, na fulani huyo ni mimi.

Kwa hiyo ulipopanda jukwaani kusoma shairi lako, baba yako alikuwa nyuma ya madarasa anahangaika na waya.

Jioni uliniuliza kama niliona ulivyosahau ubeti wa tatu ukaruka moja kwa moja hadi wa nne bila mtu kushtuka. Nikakujibu ndiyo, nikakupongeza. Sikuona, mama. Sikusikia hata ubeti mmoja. Nisamehe kwa uongo ule. Nimekaa nao mwaka mzima.

Usidhani najutia kusaidia. Siku kama ile haijitengenezi. Kila kiti ulichokiona kilibebwa na mtu, na wapo wazazi walioosha vyombo mpaka jua likazama na hakuna aliyewataja kwenye hotuba. Ila mimi nilitaka kuwa kila mahali, na pale mahali pamoja nilipotakiwa sikuwapo.

Ndiyo maana nakuomba ufute alama tano.

Nikikuambia hivi utasema watoto wana haki ya kucheza, mlifundishwa darasani. Kweli kabisa. Imo katika Mkataba wa Haki za Mtoto uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1989, kifungu cha 31. Lakini kisome vizuri: kabla hakijataja mchezo wala sanaa, kinataja kwanza haki ya kupumzika. Walioandika walikuwa watu wazima wa mikutano, na bado walilikumbuka hilo.

Tuanze na rahisi. Skauti unaitaka kwa sababu ya skafu, ulisema mwenyewe. Bustani unayo hapa dirishani: haragwe lako kwenye kopo limeinama lote kufuata mwanga. Ligeuze kesho liangalie ndani, kisha uwe unalitazama kila siku uone litakavyojirudi. Riadha unakimbia tayari, hata pale unapoambiwa utembee. Kuhusu kwaya siwezi kukushauri, nina kinyongo changu. Nilipokuwa na umri wako mwalimu aliniambia nifungue mdomo bila kutoa sauti, nami nikasimama mstari wa nyuma namna hiyo miaka miwili. Ukiitaka, ichukue, na uimbe kwa sauti.

Chesi ndiyo ninayokuomba usiifute. Najua wiki ile ulirudi macho mekundu kwa sababu mtoto wa darasa la pili alikufunga kwa hatua nne. Ule ni mtego wa zamani sana, umewanasa wengi kabla yako. Malkia na askofu wake wanakilenga kitunda kimoja, kete ndogo ya mstari wa mbele, kile ambacho mchezo unapoanza hakilindwi na yeyote isipokuwa mfalme mwenyewe. Ukimwona malkia katoka mapema namna ile, jiulize anakitazama kitunda gani. Jumamosi tupange kete, mimi nitaujaribu huo mtego kwako na wewe utanizuia. Nataka ubaki kwenye klabu hiyo kwa sababu ndiyo pekee ambayo hukuenda ili upigiwe makofi. Ulishindwa, ukalia, na wiki iliyofuata ukarudi bila kuambiwa na mtu.

Ya pili chagua wewe, sitauliza sababu. Na Jumatano iache wazi. Unaporudi mapema siku hiyo ukakaa sakafuni na maboksi yako, ukatengeneza vile vitu ambavyo hata jina havina, mimi husimama mlangoni kidogo kabla sijaingia. Hujawahi kuniona.

Kifutio nimekiweka juu ya fomu. Fomu ya wazazi ya mwaka huu nayo imekuja, na nimeshaijaza: alama moja tu, kupanga viti. Nikimaliza kuvipanga, nitakaa kwenye kimoja cha mstari wa mbele mpaka umalize kusoma.

Baba yako