Mgambo wa Kagera tuapishwe, maelezo yetu yaandikwe

Ndugu Mhariri,

Mwezi uliopita tulimzika, huko Kibosho, mwenzangu tuliyeitwa naye mgambo mwaka 1978. Kwenye wasifu wa marehemu, vita vya Kagera vilipata sentensi moja. Haikusomwa kwamba alivuka mto usiku, daraja la Kyaka likiwa limeshavunjwa, viatu amevifunga kamba na kuvitundika shingoni. Nilikuwa nyuma yake. Niliyajua hayo yote na sikuitwa kusema.

Cheti changu cha mgambo kililiwa na mchwa, sanduku na vyote. Nilipokwenda ofisi moja kuulizia jina langu, kijana wa mapokezi akaniambia, “Babu, bila karatasi sina pa kuanzia.” Hakunivunjia heshima, lakini nilirudi Kiborloni nimenyong'onyea.

Mjukuu wangu anayesoma sheria ndiye aliyenieleza Wamarekani walivyofanya kwa askari wao waliopigania uhuru. James Monroe alikuwa luteni wa miaka 18 alipopigwa risasi ya bega huko Trenton, Desemba 26, 1776. Damu ilikuwa inammwagika. Daktari akaubana mshipa, akapona. Baada ya hapo akajifunza sheria kwa Thomas Jefferson, akaja kuwa rais, na mwaka 1818 akatia saini sheria ya kuwalipa wapiganaji wenzake waliofukarika: dola 8 kwa mwezi kwa askari wa kawaida. Lakini hiyo ilikuwa ya wanajeshi wa jeshi kuu. Mgambo walisubiri mpaka 1832. Safari hii aliyetia saini ni Andrew Jackson, aliyewahi kuwa wakili na jaji. Huyo mwaka 1781, akiwa mateka wa miaka 14, alikatwa kwa upanga na ofisa wa Kiingereza kwa kukataa kumsafishia buti. (Simpambi Jackson. Wenyeji asilia wa nchi ile aliwafukuza kwenye ardhi yao.)

Kilichonigusa hasa ni utaratibu wa hiyo sheria ya 1832. Mzee alikwenda mahakama ya kwao, akaapa, akaulizwa: Ulizaliwa lini na wapi? Uliitwa au ulijitolea? Maofisa wako walikuwa akina nani? Cheti cha kuachishwa ulipewa, na kiko wapi? Jirani gani anakufahamu? Asiye na cheti alieleza kilivyopotea, na karani akaandika. Maelezo hayo yapo hadi leo, maelfu kwa maelfu.

Niliwahi kuwa mzee wa baraza katika mahakama ya mwanzo hapa Moshi kwa miaka tisa. Nimeona hakimu na karani wakichukua ushahidi wa watu sita, kesi ya mpaka wa kihamba (shamba la ukoo), kwa asubuhi moja. Kazi ya kutuapisha na kuandika maelezo yetu haiwashindi. Nawaomba wabunge wetu wa Kilimanjaro walipeleke jambo hili bungeni mwaka huu. Habari ya malipo izungumzwe baadaye, kwanza tuandikwe.

Katani kwetu tumebaki wanne. Mmoja haoni tena, lakini ukimwuliza wenzake wa kikosi, anawataja wote kwa majina na vijiji vyao.

Mgambo wa zamani,
Kiborloni, Moshi