Barua kwa Saidi kuhusu jina la shule

Ndugu yangu Saidi,

Asalaam aleikum. Huku milimani wote wazima, mvua zimekatika na mikorosho imeanza kutoa maua. Mama anakusalimia sana, anauliza utakuja lini.

Lile boma la sekondari ulilolichangia limeshapauliwa, na madarasa mawili yamepigwa sakafu. Yaliyobaki ni vyoo na jina. Vyoo vitakwisha tu. Jina ndilo linaloninyima usingizi, na maneno yake ni mengi, hayaishi kwenye simu.

Mkutano wa kijiji uliopita, wengi walielekea kuipa shule jina la kiongozi aliyetuletea saruji. Sina ugomvi naye, na tulimshukuru hadharani. Lakini mchanga ulibebwa na nani? Siku ya kumwaga zege kina mama walipandisha maji kutoka bondeni mchana kutwa, ndoo kichwani, kanga zimelowa mpaka kiunoni, na hakuna aliyesema shule iitwe kwa jina lake. Kesho kiongozi huyo atahamishwa, atakuja mwingine na mabati yake. Tutakuwa tunabadilisha kibao kila uchaguzi?

Nilisimama nikataja Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela. Vijana wakatazamana. Saidi, hilo liliniuma. Nandete ni hapa hapa kwetu, na vijana waliozaliwa katika milima hii hawayajui majina hayo! Wewe unayajua, lakini nakuandikia kwa urefu ili uwasomee wenzetu wa huko Mbagala.

Serikali ya Wajerumani ililazimisha watu kulima pamba. Majumbe waliwatoa watu kwa amri ya maakida, yaani wasimamizi waliowekwa na Wajerumani, askari wakisimamia kwa kiboko, na malipo yalikuwa kiduchu. Mtu akishinda kwenye pamba ya serikali, shamba lake mwenyewe linaliwa na nguruwe. Mwezi Julai 1905 watu wa Nandete wakaamua basi. Mandai na Machela ndio waliong'oa miche ya kwanza ya pamba. Miche michache tu, lakini kila mtu alielewa kuwa hiyo ni kutangaza vita. Vita hiyo ya Majimaji ilienea kusini yote, ikafika Mahenge, ikafika Ungoni, na haikuzimwa mpaka 1907.

Songea wana makumbusho, wana uwanja wa mpira wenye jina la Majimaji, na wanastahili. Mashujaa wao 67 walinyongwa kwa siku moja, tarehe 27 Februari 1906. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipokuja Novemba 2023 kuomba msamaha, alikwenda huko huko. Lakini vita ilianzia huku kwetu, na mtoto wa huku anaisoma darasani kama habari ya watu wa mbali.

Mwalimu mmoja alipendekeza Kinjikitile. Jina kubwa, nalikubali. Ila Kinjikitile Ngwale, yule mganga aliyewapa watu dawa ya maji, alikuwa mtu wa Ngarambe, na alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ikiwa bado mbichi. Yeye yumo vitabuni, hatasahaulika. Wale wawili walikuwa wakulima tu, watu wa jembe kama baba zetu. Tusipowataja sisi, nani atawataja?

Hoja iliyonisimamisha ni ya mzee mmoja wa mtaa wa juu. Alisema, "Mwanangu, hapa wapo wajukuu wa waliomtumikia akida. Mtawaweka wapi?" Hilo si neno dogo, maana tunazikana na kuoana nao. Nilimjibu kwamba njaa haikuchagua. Wajerumani walichoma vijiji na maghala, wakaharibu mazao, na njaa iliyofuata ikaua wengi kuliko risasi. Wenyewe waliandika watu 75,000. Mwanahistoria Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Waliozikwa wakati ule ni babu za kila mtu hapa, wa upande huu na wa upande ule. Mzee alinyamaza, kisha akasema nikaandike maneno hayo niyalete mkutanoni.

Wengine walilalamika kuwa majina ni magumu, mtoto ataonekana mshamba akiitaja shule yake huko mjini. Hilo sikulijibu. Mtoto akiulizwa Mandai ni nani, atasimulia.

Kwa hiyo nataka shule iitwe Mandai na Machela, wote wawili, bila kumwacha mmoja. Mkutano ujao ndio utakaoamua kabla jina halijapelekwa kwenye kamati ya kata. Sasa naomba mambo mawili. Wakusanye wenzetu wa huko, waandike barua ya kuunga mkono, waweke sahihi na majina ya vijiji walikotoka. La pili, bibi yako yuko kwako, na alilelewa na watu walioiona ile njaa. Mrekodi kwenye simu, akisema Kimatumbi mwache aseme Kimatumbi, nitaandika mwenyewe. Fanya hilo wiki hii, Saidi, usingoje nauli ya kuja.

Wasalimie watoto na shemeji.

Ndugu yako,
Hamisi