Barua kwa Mwanangu: Insha Yako ya Majimaji

Mwanangu,

Hujambo? Sisi huku hatujambo. Rasimu ya insha yako nimeipata na nimeijaza penseli pembeni, usishtuke ukiiona. Mwandiko umetulia. Insha yenyewe bado.

Mwalimu ameuliza kama kilimo cha lazima cha pamba ndicho kilichokuwa sababu kuu ya Vita vya Majimaji. Wewe ukurasa mzima wa kwanza unasimulia Wajerumani walivyofika pwani. Uondoe wote. Anza na jibu lako: ndiyo, siyo, au ndiyo kwa huku na siyo kwa kule. Msomaji akishajua umesimama wapi, ndipo atakapotaka kuona ushahidi wako.

Halafu kuna sentensi hii: "Wajerumani walikuwa wakatili sana ndiyo maana wananchi wakaasi." Siipingi, ila haijibu swali. Kodi ya nyumba ilianza 1898, na viboko havikuanza jana ya vita. Mbona basi watu waliinuka Julai 1905, na mbona walianzia vilima vya Umatumbi? Andika kwamba kule Nandete, kijiji cha Umatumbi, walianza kwa kung'oa mipamba. Vya kuharibu vilikuwa vingi, wao wakachagua pamba. Tukio hilo moja, na mahali pake na mwezi wake, linabeba hoja yako kuliko hilo neno "sana". Na ukishalitaja usiondoke hapohapo; eleza linathibitisha nini.

Sasa tuje kwa Gavana von Götzen, maana hapa ndipo uliponichekesha na kunisikitisha kwa pamoja. Umenakili maelezo yake kwamba vita vililetwa na waganga na ushirikina, ukayaweka kama ukweli usio na mwenyewe. Jiulize ni nani anayesema. Gustav Adolf von Götzen ndiye aliyekuwa gavana vita vilipozuka, na mpango wa mashamba ya pamba ya jumuiya ulianza 1902, wakati wake. Kitabu chake kuhusu vita hivyo kilitoka 1909, akiwa ameshaondoka madarakani. Pamba ikiwa na hatia, naye anayo. Kwa hiyo anapomtupia mganga lawama, andika "von Götzen anadai", kisha mwambie msomaji kwa nini dai hilo lilimfaa.

Lakini usimtupe. Maji ya Kinjikitile, mganga wa Ngarambe, yaliyoaminika kuwakinga watu na risasi, yalikuwepo kweli, na imani hiyo ndiyo iliyowaunganisha watu wa makabila yasiyokuwa na mtawala mmoja. Hiyo inaeleza jinsi vita vilivyosambaa, haielezi kwa nini watu walikuwa na hasira. Tenganisha mambo hayo mawili, kila moja lipate aya yake.

Wazee nao uwapime kwa mizani ileile. Umefurahia simulizi zilizokusanywa na wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1968, na una haki ya kufurahi, kwani bila hizo tungebaki na maneno ya maofisa tu. Ila zaidi ya miaka 60 ilikuwa imepita, na nchi ilikuwa imeshapata uhuru wake. Mzee anayekumbuka vita katika hali hiyo anaweza kuona umoja mkubwa kuliko ule aliousikia kwa baba yake. Mambo kama kazi ya shambani na malipo kiduchu, yanayotajwa na wengi, watu wa vijiji mbalimbali, unaweza kuyaegemea zaidi.

Umeandika pia, "Wajerumani waliua watu 300,000." Hapo una makosa mawili. Kwanza, hayo ni makadirio: ya Kijerumani yalitaja kama 75,000, na mwanahistoria Gilbert Gwassa akakadiria kati ya 250,000 na 300,000. Taja yote mawili na uwataje wenyewe. Pili, wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa njaa na maradhi, baada ya majeshi kuchoma mashamba na akiba ya chakula. Ukiiweka hivyo, shtaka lako dhidi ya ukoloni linakuwa zito zaidi.

Kilichokosekana kabisa ni Wangoni. Kwao mpango ule wa pamba haukuwa na uzito uliokuwa nao Umatumbi na Rufiji, na bado waliingia vitani, hata viongozi wao wakanyongwa Songea mwaka 1906. Najua umewakwepa kwa sababu wanaiharibu hoja yako ya "pamba tu". Mwalimu ataliona pengo hilo kabla hajafika ukurasa wa tatu. Waite mwenyewe, waulize walikuwa wamepoteza nini tangu Wajerumani wawanyang'anye mamlaka, kisha urudi kulirekebisha jibu lako la mwanzo. Huenda ukaishia kusema pamba iliwasha vita pwani na Umatumbi, na kwingineko watu waliingia na machungu yao wenyewe. Hilo ni jibu zuri, tena utaweza kulitetea.

Tanbihi moja inasema "mtandaoni". Mtandaoni kwa nani? Weka mwandishi, mwaka na ukurasa.

Baba yako anasema uongeze methali kwenye hitimisho. Usimsikilize. Nitumie aya ya Wangoni kwanza, hitimisho litangoja.

Mama yako