Mshono ulipona, lakini nikiona geti la hospitali natetemeka

Shangazi, shikamoo.

Nina mimba ya pili, ya miezi sita. Mtoto wa kwanza nilimzaa kwa upasuaji wa dharura, mapigo ya moyo wake yalikuwa yameshuka. Nilichomwa sindano ya ganzi mgongoni, ila upande wa kulia haikushika. Nikasema nasikia maumivu. Nikajibiwa, "Ni kuvutwavutwa tu huko, tulia mama." Shangazi, kuvutwa nakujua na kukatwa nakujua! Nilipopiga mayowe ndipo wakanipa kaputi.

Mtoto ana miaka mitatu sasa, mtundu kweli kweli. Nikianza kusimulia naambiwa nimshukuru Mungu, tuko hai wote wawili. Namshukuru. Lakini bado naamka usiku nimelowa jasho, na harufu ya spiriti tu inanitetemesha. Chanjo zote mtoto alipelekwa na baba yake. Huyo naye akinigusa tumbo nashtuka, anadhani simtaki.

Sasa limeingia la presha. Kliniki inasoma 150 kwa 95. Nyumbani, akinipima jirani yetu ambaye ni nesi, 115 kwa 75. Mkojo hauna protini, kichwa hakiniumi, sijavimba. Nesi wa kliniki anahofia kifafa cha mimba, na simlaumu, namba kama zile si za kuchezea. Ila moyo wangu huanza kwenda mbio tangu getini, na hilo sijamwambia. Foleni ndefu, wanawake wanasikiliza, utaanzia wapi?

Mama mkwe anataka nizalie kwa mkunga wa jadi kijijini. Nimekataa. Kovu la kizazi linaweza kuachia wakati wa uchungu, na kule hakuna thieta wala damu ya kuongezwa. Basi anasema nisomewe dua. Nisomewe, sina neno, lakini mtaalamu pia namtaka. Nimesoma kwamba hali hii ikipita mwezi haihesabiwi tena kuwa woga wa kawaida, ni kiwewe, na kina tiba: mtu anasaidiwa kulisimulia tukio taratibu mpaka lipungue makali, na wengine hupewa dawa.

Naomba unisaidie haya. Tiba hiyo ya mazungumzo naweza kuianza na mimba hii, au ni ya kusubiri nijifungue? Na hizo dawa, kwa mjamzito zikoje? Daktari nimwelezeje bila kuonekana namshtaki mwenzake? Je, naruhusiwa kuomba kuonana na mtoa ganzi mapema, anihakikishie kwamba atanipima kwa kitu cha baridi kila upande kabla kisu hakijagusa, na nikisema nasikia maumivu wasimame? Na vile vipimo vya presha vya nyumbani, nikiviandika daftarini nikaenda navyo, watavipokea?

Kliniki yangu ni wiki ijayo.

Mama K., Morogoro