Shukrani kwa fundi kijana wa hapa Tanga

Naomba nimshukuru hadharani fundi mmoja kijana, ambaye jina lake sikulishika, kwa kuniepusha na gharama nilizokuwa tayari kuziingia bila sababu.

Kompyuta yangu ya mezani ilikuwa ikitumia Windows 7, mfumo ambao Microsoft iliacha kuuhudumia Januari 2020. Muuzaji wa intaneti ya nyumbani alinishawishi nichukue kifurushi cha kasi kubwa kuliko vyote, lakini ruta yake, yaani kifaa kinachosambaza intaneti nyumbani, haikuonekana kabisa kwenye kompyuta, nami nikaambiwa ninunue kompyuta nyingine mpya.

Kijana huyu alianza kwa kuniuliza ninaitumia intaneti kwa kazi gani, swali ambalo muuzaji hakuliuliza. Akagundua kwamba ruta ilikuwa ikirusha mawimbi ya gigahezi 5 peke yake, ilhali kompyuta yangu hupokea yale ya 2.4 tu, akayawasha, kisha akaona ni afadhali aniunganishie kwa waya. Tundu la waya, alinionyesha, halipitishi zaidi ya megabiti 100 kwa sekunde, hivyo nilikuwa nikilipia kasi nisiyoweza kuipata. Kurasa zilipoendelea kukataa kufunguka, alitazama saa ya kompyuta, akaikuta imerudi mwaka 2009 kwa sababu ya kibetri kilichokufa, na saa ikikosea hivyo kurasa nyingi hukataa kufunguka, akakibadilisha. Baada ya kunakili picha zangu zote kwenye diski ya nje, aliweka Linux nyepesi, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, badala ya Windows 7.

Alipokea bei ya kibetri na waya tu. Mafundi wengine, nawasihi muulize kwanza kama yeye. Akisoma haya, ajue kwamba jana nilizungumza kwa video na binti yangu aliyeko Mwanza, saa nzima bila kukatika.